Siku Niliyosema Maji Ni Safi

Kwenye sherehe ya kuniaga mlinipa godoro, kanga doti mbili na saa ya ukutani, kisha bosi akasimama akasema Mwalimu Milembe amefanya kazi bila doa. Mkapiga makofi. Mimi nikainama nikajifanya natafuta kiatu chini ya meza. Ndiyo maana nawaandikia, vijana wangu wa maabara ya maji, kwa sababu maneno yale hayakuwa kweli, na ninyi mnabaki na chupa zilezile na vijiji vilevile.

Mlizoea kuniita Mwalimu mkidhani ni heshima ya umri. Nilikuwa mwalimu kweli, miaka kumi na miwili, shule ya msingi mbali kidogo na Bariadi mjini. Hisabati na Sayansi, darasa la nne hadi la saba. Kila mwaka nilikuwa naandika ubaoni kwamba maji safi hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Watoto wananakili, wakimaliza wananyanyua vichwa, wanacheka, na meno yao ya kahawia. Tulisema ni meno ya ukoo. Wengine tuliwachapa kwa kutopiga mswaki. Mungu anisamehe, mimi mwenyewe nilichapa.

Siku moja akaja bwana mmoja wa idara ya maji kuchukua sampuli kwenye pampu ya shule. Mwembamba, shati limechomekwa vizuri, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa Mzee Hamdani, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa huku na kazi, na huku akazeekea. Akawaangalia watoto waliomzunguka, akaniangalia mimi.

"Mwalimu, hawa hawakosi mswaki. Ni maji haya."

"Lakini hayana rangi wala harufu," nikamjibu, kwa sauti ya ubaoni kabisa.

"Basi umewafundisha vizuri kusoma, kunywa bado."

Akafungua kisanduku chake, akachota maji kidogo kwenye kichupa cha kioo, akatia dawa. Rangi ikabadilika. Akaniambia kwenye maji haya kuna madini yanaitwa floraidi, kidogo hayana neno, yakizidi yanaharibu meno ya mtoto, na yakizidi sana yanaingia mpaka kwenye mifupa. Nilisimama pale namuuliza maswali hadi darasa langu likageuka mnada. Mwalimu mkuu alinifokea. Sikusikia hata neno moja, maana nilikuwa nawaza mambo ya kile kichupa.

Nilikuwa na miaka thelathini na minne, watoto watatu, na mume aliyekuwa karani kwenye ginari ya pamba. Nilipomwambia nataka kuacha ualimu nikasomee maabara ya maji, aliweka kijiko chini. "Umri huu unarudi shule kuchezea rangi?" Tukanuniana wiki mbili. Lakini siku ya safari ni yeye aliyebeba begi langu hadi stendi, amenuna njia nzima, na basi lilipowaka akasema tu, "Usikonde." Watoto niliwapeleka Kalemela kwa mama yangu.

Chuoni tulianza wanawake wawili. Mwenzangu aliacha muhula wa kwanza, mchumba wake hakutaka mke wa kuzunguka visimani. Nikabaki na vijana wa miaka ishirini walioniita Mama na kuniletea mashati yao. Niliwashonea vifungo, wao wakanielekeza hesabu za kemia zilizokuwa zimenipita zamani. Sijui nani alifaidika zaidi, ila vifungo vyao havikung'oka. Likizo ya kwanza nikafika Kalemela, mtoto wangu wa mwisho akatoka ndani, akaniamkia kwa adabu zote: "Shikamoo, sengi." Sengi ni shangazi. Mama yake alikuwa ni bibi yake tayari. Nilicheka mbele za watu, nikaenda nyuma ya zizi nikalia.

Hayo nawaambia ninyi wasichana hasa, maana huwa tunaitwa kwenye makongamano kusema tulivyoweza. Tuliweza. Lakini yule mtoto hadi leo anampigia simu bibi yake kwanza.

Siku yangu ya kwanza maabara, Bariadi, alikuja mwenyekiti wa kijiji na dumu la maji. "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia ni mimi. "Hapana, mama, fundi mwenyewe." Nikamwambia mwenyewe ndiye mimi. Akakaa kwenye benchi akasubiri saa mbili hadi Mzee Hamdani akarudi kutoka msikitini. Mzee akachukua lile dumu, akanikabidhi mimi mbele yake, akaenda zake kunywa chai. Hivyo ndivyo alivyonifundisha, bila hotuba. Na utani haukosekani, maana Mzaramo na Msukuma ni watani. "We Msukuma, hapa si zizi, funga mlango." Nami: "Mzaramo, ngoma imeisha, njoo kazini."

Mambo yake mnayafuata hadi leo bila kujua ni ya nani. Kusukuma pampu dakika tano kabla ya kuchota. Kusuuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale. Kuandika lebo kabla chupa haijalowa. Na hili alilolirudia kila tulipopanda gari: "Usiseme maji ni safi. Hakuna kipimo kinachoitwa usafi. Sema ulichopima, na ambacho hukupima kiseme pia."

Na nilifurahi, jamani. Sitajifanya mnyenyekevu. Kuna raha ya kukaa peke yako asubuhi, chupa ishirini mbele yako zinafanana kabisa, na ikifika saa sita unajua kila moja imetoka na nini ardhini. Kufunga kasha la barafu nyuma ya pikipiki na kushuka Lamadi hadi ziwani, kurudi kwa vumbi, kula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, barabarani. Sikuwahi kuikumbuka chaki hata siku moja. Kama mtu ataniuliza nilikosea kubadili kazi, jibu ni hapana. Nilikosea ndani ya kazi, ni tofauti.

Mzee Hamdani akastaafu, akarudi Kisarawe, na mimi nikashika maabara. Hapo ndipo linapoanza jambo lenyewe.

Kuna kijiji upande wa Nyashimo, sitakitaja, wenyewe wanajijua. Hawakuwa na chanzo cha maji. Kiangazi wanawake walikuwa wanachimba mchanga wa mto uliokauka, wanachota kwa kikombe maji ya kahawia, mmoja mmoja, foleni tangu alfajiri. Watoto walikuwa wanaharisha, na kila mwaka wanazikwa kadhaa. Nilikuwa naenda pale kila msimu kufundisha usafi, na mwanamke mmoja, Mbuke, alikuwa mwanafunzi wangu bora kuliko wote niliopata kufundisha darasani. Nikisema funikeni chombo, chake kina mfuniko wiki hiyohiyo. Nikisema chemsheni maji ya watoto, yeye anachemsha, na jirani akimcheka kwa kumaliza kuni, anamjibu, "Mwalimu amesema."

Hatimaye wakaja wachimbaji na mtambo, maji yakapatikana, pampu ikafungwa. Nikachukua sampuli. Kipimo cha vijidudu nilikifanya mwenyewe: hakuna hata kimoja. Baada ya yale maji ya mtoni, nilitamani kuruka. Dawa ya kupimia floraidi ilikuwa imeisha tangu miezi miwili nyuma, nimeagiza, haijafika. Chupa moja nikaituma maabara kubwa ya mbali, wakasema ningoje. Lakini siku ya ufunguzi ilishapangwa, na mgeni rasmi hangoji chupa.

Siku yenyewe ilikuwa furaha tupu. Ng'ombe amechinjwa, wagika na wagalu, vile vikundi vyetu viwili vya ngoma, wanashindana, wanawake wamevaa kanga za sare. Mbuke alikuwa na mimba kubwa na bado anacheza. Mwenyekiti, yuleyule aliyekaa saa mbili kwenye benchi akimngoja Mzee Hamdani nikiwa mgeni kazini, akachukua kipaza sauti. "Sasa tumsikilize mtaalamu wetu. Mtaalamu, haya maji ni safi?"

Nataka mnielewe hapa, ingawa si utetezi. Hakuuliza fundi yuko wapi. Kijiji kizima kilikuwa kinaniangalia mimi. Wanawake wale niliwajua kwa majina, na makaburi ya watoto wao nilijua yalipo. Jibu la kweli lilikuwa refu: nimepima vijidudu, hamna, floraidi sijapima, subirini. Nani angesubiri, na ng'ombe yuko kwenye sufuria? Nikajaza kikombe, nikanywa mbele yao chote, nikasema, "Ni safi. Kunyweni."

Vigelegele vile bado ninavyo masikioni.

Mbuke akanifuata kwenye gari na kuku. "Wabeja, mayu. Wabeja sana." Asante, mama. Wiki tatu baadaye akajifungua mtoto wa kike. Kwetu mtoto hupewa jina la jambo aliloambatana nalo, au la mtu. Akamwita Milembe. Niliambiwa kwa simu, nikawatangazia ofisi nzima nina wajina. Mwaka ule nilipita kwao mara mbili, nikampakata, nikala, nikanywa.

Majibu ya ile chupa yalifika mtoto akiwa na miezi kumi. Nilisoma namba mara tatu. Ilikuwa mbali sana na kiwango kinachoruhusiwa. Dawa yetu nayo ikawa imefika, nikarudia kupima chupa ya akiba, namba ikatoka ileile.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Niliandika ripoti, ndefu na nzuri, nikaipeleka juu. Wakajibu kwamba wananchi hawana chanzo kingine, jambo linashughulikiwa, tusizue taharuki. Nikaiweka barua kwenye faili. Ningeweza kupanda pikipiki kesho yake. Ni mwendo wa asubuhi moja. Sikupanda. Nilijiambia floraidi haiui kwa wiki wala kwa mwezi, nilijiambia kuharisha kunaua haraka zaidi, na vyote hivyo ni kweli kabisa. Lakini sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa naogopa uso wa Mbuke. Miaka mitatu nikawa najipangia safari za kazi kila upande wa mkoa isipokuwa upande ule.

Nilipokwenda, nilikwenda na kopo la rangi nyekundu. Nikapaka pampu: YASINYWEWE. Nikaitisha mkutano, nikasema "vipimo vipya" vimeonyesha madini, maji yatumike kwa kufua na mifugo. Vipimo vipya! Neno hilo nililitafuta njia nzima. Mkutano ulipokwisha, nikaenda kwa Mbuke. Mtoto akatoka mlangoni mbio kunipokea, na miguu yake ilikuwa imepinda kwenda nje, magoti hayakutani, anakimbia akiyumba kushoto na kulia. Ana miaka minne kasoro.

"Nashangaa, Mwalimu," Mbuke akasema. "Wa jirani wamepinda kidogo. Wangu ndiye amezidi. Na mimi sijawahi kumpa maji hayajachemshwa, hata tone. Asubuhi nachemsha, jioni nachemsha."

Vijana, floraidi haitoki kwa kuchemsha. Mvuke unaondoka, yenyewe inabaki, kama chumvi kwenye mchuzi unaokaukia jikoni. Watoto wa wavivu walikunywa huku na huku: madimbwi ya shambani, lambo, pampu kidogo. Wa Mbuke alikunywa pampu peke yake, tena yamekolezwa motoni mara mbili kwa siku, kwa sababu Mwalimu amesema. Katika kijiji kizima aliyeumia kuliko wote ni mtoto wa mwanamke aliyenitii kuliko wote.

Niliwapeleka hospitali. Daktari akasema abadilishiwe maji, meno mapya na mifupa inayokuja inaweza kupona kiasi, iliyokwisha kushika imeshika. Nilihangaika nikapata tangi la kuvunia maji ya mvua, likafungwa nyumbani kwao. Kila nilipopita nilileta madaftari, sare, viatu, ambavyo vilikuwa vinalika soli upande mmoja. Mbuke anapokea, anasema wabeja. Kanisani, nikiwapo, anasimama kuniombea. Kila asante yake ilinichoma. Nilifanya yote isipokuwa kusema.

Nilimwambia mtu mmoja tu, Mzee Hamdani, kwa simu. Nilipomaliza, akauliza:

"Ulisema au ulipima?"

"Nilisema."

"Umewaambia?"

"Bado, Mzee."

Tangu siku hiyo hakunitania tena. Kila Idi nilikuwa nampigia, tunaulizana afya, tunaulizana mvua, na kabla ya kuaga anauliza, "Umewaambia?" Nami, "Bado." Mara nyingine anasema tu, "Haya, mwanangu." Idi moja simu ikapokelewa na binti yake. Mzee alikuwa amezikwa siku nne zilizopita. Nilikaa kwenye kiti cha maabara hadi mlinzi akaja kuuliza kama nafunga. Alikufa akilijua jibu langu la mwisho, na ilikuwa bado. Hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

Wiki tatu baada ya ninyi kunipigia makofi, nilipanda basi hadi Nyashimo, nikachukua bodaboda. Mara ya kwanza kwenda pale bila kasha, bila chupa, bila gari la serikali. Mbuke alikuwa barazani anachambua pamba, anatoa majani makavu. Amezeeka. Milembe alikuwa nyuma ya nyumba anafua, nasikia maji. Ana miaka kumi na minne sasa.

"Mwadela, Mwalimu."

"Mwadela, mayu."

Akataka kunyanyuka kuniletea kiti. Nikamzuia, nikakaa kwenye mkeka, nikasema kabla sijaogopa: "Mbuke, siku ile ya kufungua pampu, yale madini sikuwa nimeyapima. Dawa ilikuwa imeisha. Nilisema maji ni safi na sikuwa najua. Majibu yalipokuja mtoto hajatembea bado. Nikakaa nayo miaka mitatu. Hakukuwa na vipimo vipya. Nilikuwa mimi."

Mikono yake haikusimama. Alichambua donge moja la pamba, akaweka kando, akachukua jingine.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Hiyo ya dawa kuisha sikuijua. Lakini siku ulipokuja na rangi, nilikupa kikombe, ukasema huna kiu. Jua lile! Halafu nikakuona kwenye gari unakunywa kutoka chupa yako. Mwaka aliozaliwa mtoto ulikuwa unakunywa kwangu hadi unaomba cha pili. Nikasema, kumbe Mwalimu alijua kabla ya kuja."

Sikukumbuka kile kikombe kabisa. Miaka yote nilidhani nimeficha.

"Mbona hukuniuliza, Mbuke? Kanisani unaniombea, unaniambia wabeja, miaka kumi!"

"Ningekuuliza nini? Nimempa mtoto jina lako. Analiitikia kila siku. Nilikuwa naomba useme mwenyewe, nijue nimempa jina la mtu gani."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, wala hakunifukuza. Alingoja, huku anachambua, mpaka nikajipangusa kwa kanga. Nikajua kwamba kama ningesimama sasa, nikaaga, angeniitikia vizuri na kunisindikiza hadi barabarani, na isingekuwa imetosha.

Akageuza kichwa upande wa nyuma ya nyumba.

"Milembe! Acha nguo hizo, njoo hapa."

Mtoto akaja, mikono ina povu, anatembea kwa ule mwendo wake. Akaniamkia, akafurahi kuniona, akauliza mbona leo sina gari. Mama yake akamsogezea nafasi kwenye mkeka.

"Kaa. Mwalimu ana maneno na wewe." Kisha akaniangalia, na kwa mara ya kwanza mikono yake ikaacha pamba. "Anza tena, Mwalimu. Miguu ni yake."

Milembe akakaa, akaivuta sketi juu ya magoti, akaniangalia. Nikaanza tena.